Gemu Inastahili Bei Yake? Majibu kwa Wasomaji Wetu

Tangu matoleo mapya ya gemu yaanze kuwasili madukani msimu huu, safu hii imepokea barua nyingi zinazouliza jambo moja kwa njia mbalimbali: je, fedha anayotoa mnunuzi inalingana na kile anachopata? Wamo wazazi, wanachuo, vijana wanaojitegemea, na mzee mmoja aliyetukemea kwa kulizungumza suala hili. Ninautaja msimamo wangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Gemu iliyotengenezwa kwa uangalifu mara nyingi inastahili bei yake, lakini namna gemu zinavyouzwa siku hizi inamnyima mnunuzi sehemu kubwa ya thamani aliyoilipia, na hilo ndilo linalopaswa kutushughulisha kabla ya kufungua pochi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kidato cha tatu ana PlayStation 4 aliyoletewa na mjomba wake. Kila ifikapo Septemba ananiomba nimnunulie gemu mpya ya mpira. Mwaka huu duka moja la Kariakoo limenitajia bei ya shilingi 185,000, ilhali ya mwaka jana bado anayo na inacheza vizuri. Kwa mtu asiyejua mambo haya kama mimi, ninaona ni kama ninanunua kitu kilekile mara mbili. Je, ninamwonea mtoto? *Mama wa watoto watatu, Morogoro*

JIBU: Humwonei, Mama, ingawa naye ana sababu ambayo ni vyema uisikie.

Gemu unayoitaja, bila shaka, ni EA Sports FC, ambayo wengi bado wanaiita FIFA kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jina lake mpaka kampuni ya EA na shirikisho la FIFA walipotengana, na toleo la 2023 likatoka kwa jina jipya. Hutolewa kila mwaka mwishoni mwa Septemba, na bei yake ya siku ya kwanza nchini Marekani ni dola 70, kiasi ambacho kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola ni kama shilingi 175,000 kabla ya usafirishaji na faida ya mwenye duka. Kwa hiyo muuzaji wako hajakupandishia bei kupita kiasi.

Kinachobadilika kati ya toleo moja na lingine ni vikosi vya timu kufuatana na usajili, jezi, sauti za watangazaji, na marekebisho ya namna wachezaji wanavyokimbia, kukaba na kupiga pasi. Marekebisho hayo yapo, na mchezaji mzoefu huyatambua tangu mechi ya kwanza. Lakini yapo mambo mawili ambayo tangazo la kwenye kasha halikwambii. La kwanza ni kwamba teknolojia inayonadiwa zaidi katika miaka ya karibuni, ile inayochukua mienendo ya wachezaji halisi wa mpira na kuiingiza kwenye gemu, haimo kabisa katika toleo la PlayStation 4, kwa kuwa imetengwa kwa ajili ya mashine mpya na kompyuta. Mwanao angelipa fedha za toleo jipya apate toleo lililopunguzwa. La pili ni kwamba bei hiyo haidumu. Kwa kawaida gemu hizi hushuka bei mwishoni mwa Novemba, miezi miwili tu baada ya kutoka, kisha huendelea kushuka. Toleo la FC 24, lililotoka Septemba 2023, lilitolewa Mei 2024 bila malipo ya ziada kwa kila aliyekuwa akilipia PlayStation Plus, yaani huduma ya usajili wa kulipia ya PlayStation. Waliosubiri miezi saba walicheza gemu ileile ambayo wenzao waliilipia dola 70.

Sasa nimtetee kijana. Ikiwa hucheza na ndugu zake sebuleni, toleo la mwaka jana linamtosha kabisa, na hata la mwaka juzi. Ikiwa hucheza na wenzake kwa intaneti, mambo ni mengine, kwa kuwa wote wanapohamia toleo jipya yeye hubaki bila wa kucheza naye, na kwa kijana wa umri wake huko ni kuachwa nje ya mazungumzo ya darasa zima. Muulize kwanza anacheza na nani.

Nakupa na hesabu moja ya kupimia. Kibanda cha gemu kikitoza shilingi 500 kwa mechi, shilingi 185,000 ni sawa na mechi 370, yaani zaidi ya mechi moja kila siku kwa mwaka mzima. Watoto watatu wanaopokezana pedi nyumbani wanaweza kufikia idadi hiyo bila shida, na hapo gemu itakuwa imelipa. Kijana mmoja wa shule ya bweni anayecheza wakati wa likizo tu hataifikia, na kwake kibanda ni nafuu zaidi kuliko kununua. Ushauri wangu ni kwamba asubiri hadi likizo ya Desemba, ununue diski wala si namba ya kupakulia, na diski ya mwaka jana aiuze au abadilishane na mwenzake ingali na thamani.

Halafu, Mama, kuna duka la pili ndani ya gemu hiyo, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko bei ya kwenye kasha. Linaitwa Ultimate Team. Mchezaji hujenga timu yake kwa kadi za wachezaji, na kadi hizo hupatikana katika pakiti zilizofungwa ambazo huweza kununuliwa kwa fedha halisi bila kujua kilichomo. Keti karibu naye siku moja anapofungua pakiti. Skrini hutiwa giza, taa humulika, kisha huja bendera ya nchi, kisha nafasi anayocheza mtu huyo uwanjani, kisha nembo ya klabu yake, na mwisho kabisa jina na sura. Kila hatua imepangwa ili moyo wa mtoto udunde, na mara nyingi anayetokea ni mchezaji asiyemhitaji. Mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba pakiti za aina hii zinazolipiwa ni kamari kwa mujibu wa sheria za nchi hiyo, na EA ikaacha kuuza pointi zake huko mwanzoni mwa 2019. Kwetu bado zinauzwa. Na kadi zote, ziwe za kununua au za jasho, hazihamii kwenye toleo la mwaka unaofuata. Mzazi anayekubali kununua gemu lakini akakataa pakiti hajamnyima mtoto mchezo wowote.

SWALI: Nimekuwa nikinunua gemu kwenye duka la mtandaoni la PlayStation kwa vocha za dola ninazouziwa na kijana mmoja mjini, na akaunti yangu niliisajili kama ya mkazi wa Marekani kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha. Kwa miaka michache nimetumia zaidi ya dola 400. Rafiki yangu anasisitiza kwamba gemu hizo si zangu. Je, ni kweli, au ananitisha tu? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Rafiki yako amesema kweli, na ninatamani maduka yangeisema kwa uwazi kama alivyoisema yeye. Ulichonunua ni ruhusa ya kucheza. Masharti uliyoyakubali siku ya kufungua akaunti, ambayo ni marefu na hakuna anayeyasoma mpaka mwisho, yanaeleza kwamba umepewa leseni isiyohamishika, ambayo huwezi kuiuza, kuiazima wala kumrithisha mtu, na ambayo inaweza kusitishwa.

Hili limekwisha kuwatokea watu. Kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew mwezi Desemba 2014. Ilihitaji intaneti muda wote, hata kwa mtu aliyetaka kuendesha peke yake barabarani. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ilizima seva zake, yaani kompyuta zilizokuwa zikiiendesha gemu hiyo kwa intaneti, na siku chache baadaye ikaanza kufuta leseni kwenye akaunti za wanunuzi. Waliokuwa na diski na waliopakua walikosa wote kwa pamoja, kwani hata ile diski haikuwa na kitu cha kuwasha bila seva. Mmarekani Ross Scott alianzisha kampeni ya kudai kwamba gemu iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka hata baada ya kampuni kuichoka, na kufikia Julai 2025 ombi la raia lililopelekwa Umoja wa Ulaya kwa madai hayo lilikuwa limevuka saini milioni moja. Ninawaunga mkono bila kusita. Mtu anayelipia kitu anastahili kuambiwa kitadumu hadi lini, na kama muuzaji hajui, basi asitumie neno «nunua».

Jimbo la California limelitazama neno hilohilo. Sheria iliyosainiwa Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 2025 inakataza maduka ya dijitali kumwambia mteja kwamba «ananunua» bila kumweleza waziwazi kwamba anapewa leseni. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, liliweka maelezo hayo kwenye ukurasa wa malipo hata kabla ya sheria kuanza. Hapa Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Kwa maoni yangu, maelezo ya leseni ni taarifa ya aina hiyohiyo. Ugumu ni kwamba muuzaji wako yuko mbali, na wewe mwenyewe umemwambia kwamba unaishi Marekani.

Hapo ndipo penye hatari yako kubwa kuliko kufungwa kwa seva. Akaunti iliyosajiliwa kwa anwani isiyo yako inakiuka masharti, na ikizuiwa kwa sababu yoyote, kwa mfano vocha iliyopatikana kwa njia isiyo halali kabla ya kukufikia, huna pa kusimamia unapolalamika. Sikulaumu, kwa sababu Sony, kampuni yenye PlayStation, haijakufungulia mlango mwingine. Ulimwengu ulilishuhudia tatizo hili Mei 2024, pale gemu ya Helldivers 2 ilipoondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma ya PlayStation, baada ya Sony kutaka kila mchezaji awe na akaunti yake. Wachezaji walipinga kwa nguvu na Sony ikaliacha sharti hilo, lakini orodha ya nchi haikuongezeka kwa sababu hiyo.

Fanya yafuatayo. Hakikisha barua pepe ya akaunti ni yako na nenosiri lake hakuna alijuaye ila wewe, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Usimwachie muuza vocha aingie kwenye akaunti yako kukuwekea salio, mpe nafasi ya kukupa namba tu. Usiweke salio kubwa kuliko unalotaka kutumia siku hiyo. Gemu unazozipenda na zisizohitaji intaneti zipakue zote na uzihifadhi kwenye diski ya nje. Na kuanzia sasa, gemu kubwa inunue kwa diski kila inapowezekana, kwa kuwa diski unaweza kuiuza, na Septemba 2023, gemu za zamani za FIFA zilipoondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, wenye diski hawakuzuiwa kuzitumia. Ukiwa na kompyuta, lipo duka la GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, ambalo hukupa faili la kusakinisha lisilo na kufuli. Ukishalipakua na kulihifadhi, hakuna atakayekuja kukunyang'anya. Bei zake hazitofautiani sana na za wengine, na kwa fedha ileile unapata kitu kinachokaribia sana umiliki wa kweli.

Haki inanitaka niseme pia kwamba wapo waliofunga duka kwa heshima. Sony yenyewe ilitoa gemu ya Concord tarehe 23 Agosti 2024 kwa dola 40, ikakosa wachezaji, ikafungwa Septemba 6, na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Chuoni tunabishana sana kuhusu kipimo cha thamani. Wengine husema gemu ya dola 70 yenye saa 100 ni senti 70 kwa saa, kwa hiyo ni starehe rahisi kuliko zote. Wengine husema gemu za sasa ni rahisi kuliko za zamani ukizingatia mfumuko wa bei. Wewe unasemaje? *Mwanachuo, Dodoma*

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na mfumuko wa bei, maana wanaosema hivyo wana hoja. Gemu mpya nchini Marekani iliuzwa dola 60 kuanzia mwaka 2005 na 2006, na dola hizo 60 ni zaidi ya dola 90 za leo. Bei ikapanda kufikia 70 mwaka 2020, na mwaka 2025 Nintendo ikatoza dola 80 kwa Mario Kart World. Ukiangalia kalenda ya Mmarekani, gemu imekuwa nafuu. Gharama za kuitengeneza nazo zimepanda: nyaraka zilizoonekana katika kesi ya mwaka 2023 kati ya serikali ya Marekani na Microsoft zilionyesha kwamba gemu ya The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220. Sipingi lolote kati ya hayo.

Ninachopinga ni kuipeleka hesabu hiyo Dodoma kama ilivyo. Mshahara wa mtu wa hapa haukukua kwa kipimo cha dola ya Marekani, na mnunuzi wa Tanzania akifungua Steam huonyeshwa bei kwa dola, ilhali mwenzake wa Afrika Kusini huonyeshwa kwa randi. Ongeza na bando. Gemu kubwa za sasa huzidi gigabaiti 100, na hata ukinunua diski, mashine huomba kupakua marekebisho siku ileile ya kwanza. Mwanachuo anayetegemea bando la simu anaweza kuikuta gharama ya kuipakua gemu inakaribia bei ya gemu ndogo. Hiyo ni sehemu ya bei, na haiandikwi popote.

Kipimo cha saa kinanisumbua zaidi. Watengenezaji wamekwisha kugundua kwamba wanunuzi wanahesabu saa, na sasa saa hizo hujazwa: tembea kutoka hapa hadi kule, kusanya manyoya hamsini, rudia kazi ileile katika kijiji kingine. Gemu ya Journey iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 15 humalizika kwa takriban saa mbili, na walioicheza bado wanaizungumzia. Kwa kipimo cha wenzako hiyo ni ghali mara kumi kuliko gemu ya saa 100, jambo ambalo hakuna aliyezicheza zote mbili atakayelikubali. Mimi huuliza mambo mawili: je, saa hizo ulizitaka, au ulikuwa unangoja zipite ufikie sehemu nzuri? Na je, ungempendekezea mwenzako mwenye fedha kidogo kuliko wewe?

Kwa kipimo hicho, thamani kubwa zaidi sokoni leo haipo kwenye gemu za dola 70. Stardew Valley, gemu ya kilimo na maisha ya kijijini, ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka Februari 2016 kwa dola 15, na tangu hapo amekuwa akiiongezea mambo mapya bila kumtoza mtu aliyekwisha kuinunua, ikiwemo nyongeza kubwa ya Machi 2024. Kufikia mwisho wa 2024 nakala zaidi ya milioni 40 zilikuwa zimeuzwa. Hollow Knight: Silksong, iliyosubiriwa kwa miaka mingi kiasi kwamba ingeuzwa kwa bei yoyote, ilitoka Septemba 2025 kwa dola 20. Gemu hizi ni ndogo kwa ukubwa wa faili, huendeshwa na kompyuta ya kawaida ya mwanachuo, hazina pakiti wala duka la pili, na hazikusubirishi intaneti. Punguzo la msimu likija, huwa chini zaidi ya hapo.

Jambo moja la mwisho kwako, kwa kuwa unatumia kompyuta. Steam hukubali kurudisha fedha ikiwa hujamaliza siku 14 tangu ununue na hujacheza kwa zaidi ya saa mbili. Utaratibu huo ulianza Juni 2015, na ni haki ambayo wengi wanaisahau. Saa ya kwanza itumie kuhakikisha kwamba kompyuta yako inaiweza gemu yenyewe, usiitumie kumpamba mhusika. Na gemu iliyotangazwa kwa kishindo usiilipie kabla haijatoka. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa na hitilafu nyingi kiasi kwamba wiki moja baadaye Sony iliiondoa dukani na kuwarudishia watu fedha. Miaka michache baadaye ilikuwa imerekebishwa, inasifiwa, na bei imeshuka. Waliosubiri walipata gemu bora kwa fedha pungufu.

SWALI: Watoto wangu hucheza Free Fire kwenye simu. Gemu yenyewe ni bure, lakini mwezi uliopita niligundua rial nyingi zimekatwa kwa ajili ya «almasi». Mkubwa anasema ni mavazi tu ya mhusika. Je, kweli watu hulipia nguo zisizokuwepo? *Baba wa watoto wawili, Maskati*

JIBU: Hulipia, Baba, na kwa wingi. Usimwone mwanao kuwa mjinga, kwa sababu katika uwanja ule nguo ndiyo inayomwonyesha nani mgeni na nani mwenyeji. Kijana mkubwa anayejua thamani ya fedha akinunua vazi moja kwa hiari yake sina neno. Tatizo ni kwamba fedha hugeuzwa kwanza kuwa almasi, na almasi huuzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, hivyo kila mara hubaki salio dogo linalokuita ununue tena. Mtoto haoni rial. Huona namba zinazopungua.

Na mitego hiyo imekwisha kuthibitishwa. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni ya Epic, wenye gemu ya Fortnite, ikakubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, kwa sababu vitufe vyake vilipangwa namna ambayo mtu aliweza kukatwa fedha kwa kubonyeza mara moja tu bila kukusudia, na kwa miaka kadhaa watoto waliweza kununua bila idhini ya mzazi. Waliolalamika benki walifungiwa akaunti zao.

Leo hii ingia kwenye mipangilio ya Google Play, sehemu ya uthibitisho wa ununuzi, na uweke kwamba kila malipo yaombe nenosiri, kisha ondoa kadi yako kwenye simu ya mtoto. Kama malipo yamefanyika ndani ya saa 48, omba Google ikurudishie fedha moja kwa moja. Baada ya hapo kwa kawaida utaelekezwa kwa mtengenezaji, na safari huwa ndefu. Ukiona kuna haja ya kumruhusu mara mojamoja, mnunulie vocha ya kiasi kinachojulikana. Ikiisha imeisha.

SWALI: Mnawapotezea vijana muda. Gemu yoyote, hata ikiuzwa senti moja, ni hasara. Fedha hizo zinunue vitabu. *Mzee, Tanga*

JIBU: Shikamoo, Mzee wangu. Barua yako nimeisoma kwa heshima, na katika suala la vitabu tuko pamoja. Lakini sikubali kwamba starehe ya kijana ni hasara kwa kuwa sisi hatukuikuta. Bao tulilicheza jioni nzima, na hakuna aliyeuliza limezalisha nini. Ninachokitaka kwa vijana hawa ni kwamba wanapotoa fedha zao walizozitafuta, wapewe kitu kamili na waelezwe ukweli wake.

SWALI: Ninafikiria kulipia PlayStation Plus kwa mwaka. Pia nimeona diski za mtumba kwenye maduka ya Luthuli Avenue kwa bei nzuri. Kipi bora? *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Inategemea unavyocheza. Kiwango cha chini cha huduma hiyo kilipandishwa Septemba 2023 kutoka dola 60 hadi 80 kwa mwaka, sawa na takriban shilingi 10,400 za Kenya kwa hesabu ya shilingi 130 kwa dola. Huihitaji kabisa kama unacheza na jamaa wakiwa wamekaa kando yako. Unaihitaji kwa mechi za mtandaoni katika gemu nyingi za kulipia, na inamfaa pia anayependa kuonja gemu mpya kila mwezi, mradi akumbuke kwamba gemu hizo hufungwa siku anapoacha kulipa. Bei za huduma hizi hazitabiriki: Game Pass Ultimate ya Microsoft ilirukia dola 30 kwa mwezi kutoka dola 20 mnamo Oktoba 2025. Kwa hiyo usiijengee maktaba yako juu ya huduma ya mwezi.

Mimi ningechagua diski za mtumba, kwa uangalifu. Kwanza hakikisha mashine yako ina mahali pa kuingizia diski, kwani zipo PlayStation 5 zisizo nayo. Igeuze diski chini ya taa: mikwaruzo myepesi inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi haina madhara, ila mkwaruzo mrefu unaozunguka ni wa kuogopwa. Fungua kasha uone kama ndani mna diski kweli, kwa kuwa baadhi ya makasha huwa na karatasi yenye namba ya kupakulia tu, na namba ikishatumika ni karatasi tupu. Diski zilizopitia Dubai huchezeka kwenye mashine yoyote, lakini nyongeza utakazozinunua baadaye kwa kawaida zinapaswa kutoka kwenye akaunti ya eneo lilelile la diski, hivyo linganisha na akaunti yako kwanza. Mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine ya dukani na usubiri imalize kusakinisha mpaka mwisho, usitosheke na kuona picha ya mwanzo. Risiti iandikwe jina la gemu, aina ya mashine na siku mlizokubaliana za kurudisha, na akikataa kuiandika, nenda duka la pili. Mtaa ule una maduka mengi.